Kizimba Namba Arobaini na Moja

Kwa jina la Mungu mmoja, aliyepuliza pumzi puani mwa Adamu, na pumzi hiyo hiyo akaitia katika vifua vya wanyama wa kondeni na wa nyumbani. Walimu wangu wa Kiebrania walinionyesha kwamba neno ni moja kwa wote, halikubadilishwa. Sifa ni zake yeye anayesikia vinywa vinavyofunguka pasipo sauti. Kwake naanzia, kwa sababu nitakayosimulia yanahusu pumzi na sauti, nami katika yote mawili nina hatia.

Mimi ni Alden Voigt, mwana wa Theodor, mwana wa Gottlieb, ambaye wazazi wake walitoka Saksonia pamoja na kanisa lao zima, wakavuka bahari, wakapanda mto mkubwa hadi Missouri wakiwa na vitabu vya nyimbo na mbegu za kabichi. Nilizaliwa kusini mwa jimbo hilo, kwenye vilima vya mawe na mierezi. Nikasoma Kilatini, Kiyunani na Kiebrania kwa miaka minane, kisha nikalichunga kanisa la Emanueli kwa miaka thelathini na sita. Nimebatiza watu, nikawaozesha, nikawazika. Mke wangu Hedwig nilimzika mwenyewe.

Haya nayaandika kwa mkono. Zamani ningeyasema.

Ng'ambo ya barabara ya changarawe, mkabala na kanisa letu, lilikuwapo shamba la Lowell Kessinger, mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye mabega mapana. Lowell alifuga mbwa kama wengine wanavyofuga kuku. Alikuwa na mabanda mawili marefu ya bati, na ndani yake vizimba vya waya vilivyoning'inizwa kwa safu, sakafu zake nazo za waya ili kinyesi kidondoke chini. Majike walizaa mara mbili kwa mwaka. Watoto walipofika wiki nane walioshwa, wakachanwa manyoya, wakafungwa utepe shingoni. Kisha likaja lori jeupe likawapeleka kwenye maduka ya mijini. Mama zao walibaki kwenye waya.

Mama hao hawakuwa na majina. Kila mlango wa kizimba ulikuwa na kibati chenye namba, basi. Nilimuuliza Lowell siku moja kwa nini.

"Ukimpa jina, Mchungaji," alinijibu, "ataanza kukutazama."

Hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa aibu. Wengi kaunti nzima waliifanya. Mkaguzi wa serikali alifika mara moja kwa mwaka na kamba ya kupimia, akapima urefu na upana wa vizimba, akakuta inchi zimetimia, akanywa kahawa ya Verna, mke wa Lowell, akaenda zake.

Nami pia nilinunua mbwa. Hilo lazima nilitaje mapema, lisije likaonekana dogo.

Hedwig alipougua kwa mara ya mwisho alitamani mtoto wa mbwa wa kulala naye kitandani. Ningeweza kuvuka barabara. Badala yake niliendesha gari kwa muda wa saa nne hadi mjini, kwa sababu nilikuwa nimeyanusa mabanda ya Lowell na sikutaka chochote kilichotoka humo. Nilitaka mbwa wa dirishani, aliyelala juu ya vipande vya karatasi safi, chini ya taa. Msichana wa dukani alimweka mikononi mwangu.

"Huyu ametoka kwa familia ya vijijini, babu. Wanawapenda kama watoto wao."

"Na mama yake?"

Nasema uongo. Sikuuliza hivyo. Ndivyo ninavyotamani ningeuliza.

Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi zake. Mfugaji: Kessinger. Mama: namba 41. Nilikuwa nimesafiri saa nane, kwenda na kurudi, kununua mbwa aliyezaliwa hatua mia sita kutoka mimbari yangu. Nikaikunja ile karatasi, nikaificha ndani ya kamusi ya Kiyunani. Hedwig hakujua. Alimwita mbwa huyo Lotte, akafa majira ya kuchipua mkono wake ukiwa ndani ya manyoya ya mbwa.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya Agosti, nilihubiri habari za usiku wa kutoka Misri. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mbwa wa Lowell walibweka tangu wimbo wa kwanza; sauti zaidi ya sitini, hazipumziki, zikapanda juu ya kinanda, zikapanda juu yangu. Nilipaza sauti hadi koo likauma. Baada ya ibada nilisimama mlangoni, bado nikiwa na kanzu, nikamshika Lowell mkono mbele ya watu wote.

"Lowell, usiku ule wa Misri hakuna mbwa hata mmoja aliyetikisa ulimi. Wa kwako nao wangejifunza adabu hiyo."

Watu wakacheka. Lowell hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa kazi.

Wiki mbili baadaye palikuwa kimya.

Kimya kabisa. Nilisikia nzi wakigonga kioo. Nilisikia Bi Irma akifungua peremende kiti cha nyuma. Nilipanda mimbarini nikamshukuru Mungu kwa utulivu huo, nikamshukuru na ndugu yetu Lowell Kessinger kwa jina lake, na kanisa zima likaitika amina.

Sikuuliza aliwanyamazishaje.

Sasa nifike kwenye jioni yenyewe. Ilikuwa Oktoba, jua limeshuka nyuma ya mierezi lakini mbingu bado nyeupe. Corinne, binti wa Lowell na Verna, alikuwa amejifungua siku nane kabla, mtoto wa kiume, Ansel. Kwetu mtoto akizaliwa akina mama wa kanisa hupika, na mchungaji hubeba. Nilitoka na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, limefunikwa taulo, bado lina moto. Lotte alikuwa amelala juu ya mkono wa koti langu mchana kutwa. Nilimwacha ndani, akanisindikiza kwa macho dirishani.

Karibu na sanduku la barua la akina Kessinger alisimama mwanamke.

Sikumjua. Alivaa koti refu la rangi ya majani makavu, na shingoni amezungusha kitambaa, mizunguko mingi, kama mtu mwenye mafua. Nywele zake zilikuwa nyeupe zenye manjano, zimeshikana mafundo. Alisimama katikati ya changarawe, miguu imekaribiana, wala hakukanyaga majani ya kando.

"Jioni njema, mama," nikasema. "Umepotea?"

Akafungua kinywa. Sauti ilichelewa. Ilipotoka ilikuwa hewa tu, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

"Nimekuja... kumwona mama."

Nikadhani ni ndugu wa upande wa baba wa mtoto, amekuja kumwona mzazi. "Basi tuko njia moja. Mimi ndiye mchungaji wao. Twende, viazi visipoe."

Yule mwanamke aliinama, akaisogelea mikono yangu, akavuta harufu. Alivuta muda mrefu, macho amefumba. Nilifikiri ni viazi. Lakini pua yake haikuwa kwenye bakuli. Ilikuwa kwenye mkono wa koti.

Tukapanda njia ya shamba. Nilizungumza kama wazee wanavyozungumza, habari za mvua, habari za mtoto. Yeye aliweka miguu palepale palipokanyagwa na magurudumu. Mara moja tu aliteleza, kiatu kikagusa majani, akaurudisha mguu kwa haraka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwonea huruma. Nilidhani ana maradhi ya miguu.

Na harufu. Ilikuwa ya mkojo uliochacha, ile inayochoma macho. Nilisema moyoni, ni upepo unatoka mabandani.

Hapakuwa na upepo.

Langoni pa Lowell, kama kwenye malango mengi ya kwetu, kuna shimo lililolazwa vyuma vya mviringo, kimoja kando ya kingine na nafasi katikati, ili magari yapite na wanyama wasipite. Ng'ombe husimama hapo. Farasi husimama. Hata mbwa, akiona nafasi zile chini ya miguu yake, hulialia na kurudi nyuma. Mimi mwenyewe hupita kwa kushika nguzo. Nikamnyoshea mkono yule mwanamke.

Hakuuhitaji. Alikanyaga vyuma vile, na kwa mara ya kwanza akanyooka mgongo. Vidole vya miguu yake vilitanuka ndani ya viatu. Niliona ngozi ya viatu ikivimba. Akatembea juu ya nafasi zile bila kutazama chini, kwa wepesi, kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Nilipofika ngazi za nyumba niligeuka kumkaribisha. Hakuwapo. Nikasikia tu, upande wa mabandani...

Tk. Tk. Tk.

Kama kucha kwenye waya.

"Haa! Bakuli limefika, na Mchungaji amelifuata!" Lowell alifungua mlango kabla sijabisha. "Niambie kwanza, hivyo viazi ni vya Bi Irma au vya Bi Norma? Kama ni vya Norma tuvizike sasa hivi, na wewe utusomee ibada."

"Nyamaza wewe," Verna akasema, akinipokea bakuli. "Jumapili iliyopita ulikula vya Norma sahani mbili. Karibu, Mchungaji, kaa hapa. Usimsikilize."

"Nilikula kwa upendo wa Kikristo."

"Ulikula kwa ulafi."

Wote walitabasamu, na tabasamu zao zilikaa usoni zaidi ya inavyostahili, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Corinne alikuwa kwenye kiti cha kubembea karibu na jiko, nywele hazijachanwa, macho mekundu. Ansel alikuwa mapajani pake, ndani ya blanketi lenye picha za bata wa njano.

"Naweza kumwona?" nikauliza.

Corinne akafunua blanketi. Mtoto alikuwa amekunja ngumi. Uso wake ulikuwa mwekundu, ufizi wazi, ulimi unatetemeka. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

Sikusikia kitu.

"Ndivyo anavyolia," Verna akasema, akipakua viazi. "Tangu siku ya kwanza. Tumempeleka kwa daktari. Anasema koo halina kasoro, mapafu mazima. Tusubiri."

"Silali, Mchungaji," Corinne akasema. Aliongea bila kupandisha wala kushusha, kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. "Wenzangu huamshwa na kilio. Mimi wa kwangu hawezi kuniamsha. Kwa hiyo lazima nimtazame. Nikifumba macho sijui kama ana njaa. Sijui kama anakabwa. Juzi nilisinzia kidogo, nikaamka, midomo yake ilikuwa ya buluu. Alikuwa ananiita, nami nimeketi hapa hapa."

Lowell alikuwa akitazama sahani yake.

"Mbatize Jumapili," Corinne akaendelea. "Huenda maji yakamshtua. Hivi hatafika Krismasi. Mimi ni mtu, nitalala tu siku moja."

Nikamwahidi. Kisha, kwa kutafuta la kusema, nikasema, "Mgeni wenu hajaingia bado? Kuna mama mmoja nimekuja naye kutoka barabarani. Alisema amekuja kumwona mama."

Lowell akaweka uma mezani.

"Mama gani?"

"Simjui. Mwembamba. Mwenye koti refu."

"Amefunga kitambaa shingoni?"

"Lowell, usianze," Verna akasema.

"Nakuuliza, Mchungaji. Amefunga shingo?"

"Ndiyo."

Lowell akainuka, akachukua tochi juu ya jokofu, akatoka bila koti. Nikamfuata. Nyuma yangu nilisikia kiti cha Corinne kikibembea, polepole, kisha polepole zaidi.

Barazani alisimama akanipa mgongo.

"Nimemwona mara tatu tangu Ansel azaliwe. Hukaa pale kwenye sanduku la barua. Hapiti langoni. Sijui amepitaje leo."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha, nikamnyoshea mkono.

"Lowell," nikasema. "Uliwanyamazishaje mbwa?"

Nilikuwa nimechelewa wiki nyingi. Alijibu mara moja, kana kwamba swali lilikuwa limesimama kati yetu muda wote likingoja zamu yake.

"Bomba la chuma. Unene wa kidole gumba. Unamfungua kinywa, unalisukuma mpaka kooni, mara moja, kwa nguvu. Haichukui hata dakika. Wapo wengi wanaofanya hivyo. Nilianza baada ya chakula cha mchana, nikamaliza kabla ya giza." Akafuta mkono kwenye suruali. "Arobaini na Moja alikuwa wa mwisho. Mama bora kuliko wote niliowahi kuwa naye. Kazaa mara kumi na moja, hajampoteza mtoto. Nilimfungua kinywa, akanilamba mkono, Mchungaji. Kabla. Halafu hakuacha kutoa damu. Nikamfukia nyuma ya banda."

"Mungu wangu. Kwa nini?"

Akageuka. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Ulisema mbwa wasitikise ulimi."

"Nilisema kwa mzaha."

"Ulisema ukiwa na kanzu."

Nikashika nguzo ya baraza.

"Kisha ukanishukuru mimbarini," akasema, "nikajua nilifanya vema."

Tukaenda bandani. Lowell alivuta mlango, na ile harufu ikatupiga machoni. Mwanga wa jioni ulipenya kwenye matundu ya bati. Mbwa wote walikuwa wamesimama. Safu juu ya safu, nyayo zimepanuka juu ya waya, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Vinywa vyao vilifunguka na kufungika, vilifunguka na kufungika. Sauti iliyotoka ilikuwa ya pumzi peke yake, nyingi kwa pamoja. Nimeisikia maisha yangu yote. Ni sauti ya kanisa zima likifungua kitabu cha nyimbo ukurasa mmoja.

Walikuwa wakitazama kizimba cha mwisho.

Tochi ya Lowell ikafika kwenye kibati. Arobaini na moja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ndani, mahali ambapo mtu hawezi kuenea, yule mwanamke alikuwa amejikunja, magoti masikioni, nywele zimebanwa na waya.

Mapajani pake palikuwa na blanketi la bata wa njano.

Lowell akaiangusha tochi. Wakati huo huo, kutoka nyumbani, tukasikia Verna.

"Lowell! Lowell, mtoto! Corinne alisinzia kidogo tu... mtoto hayupo!"

Mwanamke hakuinua kichwa. Alikuwa akimtazama Ansel, ambaye kinywa chake kilikuwa wazi, uso umeanza kugeuka buluu, akilia pasipo kilio.

"Wiki nane," akanong'ona. "Hunipa... wiki nane."

Lowell akapiga magoti kwenye uchafu. "Nirudishie. Tafadhali. Nirudishie."

"Kila mara... nilisema hivyo."

Kisha akainua macho. Yalikuwa ya rangi ya asali, yenye ukingo mweusi. Nilikuwa nimeyaona macho hayo mchana ule ule, juu ya mkono wa koti langu.

"Nani alisema... tunyamaze?"

Lowell akanitazama. Alikuwa na haki ya kunitaja, wala hakunitaja. Na mimi, Mungu anisamehe, hata hapo nilipima. Nimesoma vitabu vizito vinavyotenganisha kosa la mkono na kosa la ulimi, kosa la kukusudia na la kutojua. Nilikuwa na maneno ya lugha tatu ya kunitoa bandani mle nikiwa safi. Mkono haukuwa wangu. Bomba sikulishika.

Mguu mdogo wa Ansel ulitoka kwenye blanketi, ukapiga teke, ukalegea.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema. Na nilipopata kimya nilichokitaka, nilishukuru, sikuuliza. Mtoto wako mmoja ninaye. Nilimnunua dirishani. Nilijua wewe ni mama yake, nikakunja karatasi."

Alinyosha mkono, ukapita kwenye waya kama waya haupo. Vidole vyake vikagusa koo langu. Vilikuwa vikavu, vigumu, kama ngozi ya chini ya nyayo za mbwa. Havikuniumiza. Nataka ijulikane hivyo. Alinigusa kama mtu anayejaribu kufuli.

Ndipo Ansel akalia.

Alilia kwa sauti. Kilio kikali, kizima, cha mtoto mwenye njaa, kikagonga bati na kurudi. Mbwa wote wakafunga vinywa kwa mara moja. Wakalala chini, mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu.

Kizimbani hapakuwa na mtu isipokuwa mtoto. Lowell aling'oa mlango kwa mikono. Ansel alikuwa mzima, ana joto, na nywele zake chache zilikuwa zimelowa, zimelazwa upande mmoja.

Zimelambwa.

Nikafungua kinywa kusema, Mungu ashukuriwe.

Hewa tu ikatoka.

Waliitafuta sababu, kama watu wanavyotafuta. Verna anashikilia mpaka leo kwamba Corinne alitembea usingizini, akambeba mtoto mwenyewe hadi bandani. Inawezekana. Mwanamke asiyelala siku nane hufanya mengi. Lakini Corinne hakuwa na viatu jioni ile, nami niliziona nyayo zake. Zilikuwa safi. Daktari yule yule alinimulika kooni kwa taa yake. Koo halina kasoro, akasema. Tusubiri. Nimesubiri miaka miwili.

Lowell hakupandisha mbwa tena. Jumatano iliyofuata aliwapigia simu watu wanaookoa mbwa waliochakaa kwa kuzalishwa, wakaja na magari manne. Nilisimama ukingoni mwa uwanja nikitazama. Waliwatoa mmoja mmoja, wakawaweka juu ya majani, na mbwa wote wale wakasimama pale walipowekwa, mguu mmoja juu, wanatetemeka, hawajui ardhi ni kitu gani. Kisha Lowell akaenda nyuma ya banda na sepeto, akitaka kumzika Arobaini na Moja mahali pema na kumpa jina. Alichimba hadi mwamba. Hakukuta mfupa wala unyoya.

Jirani mwingine ameongeza banda. Lori jeupe bado linapita Jumanne. Dirisha lile mjini bado lina taa na vipande vya karatasi safi.

Kanisani kuna mchungaji kijana sasa, anahubiri vizuri. Mimi hukaa kiti cha nyuma na Bi Irma, Ansel akikimbia katikati ya viti akipiga kelele, wala hakuna anayemnyamazisha. Ningemalizia hapo, kama ingekuwa hiari yangu.

Mwezi uliopita Lowell alikuja kwangu saa ya kuwasha taa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mchungaji, upo hapa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Muda wote? Hujavuka barabara?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi njoo usikie."

Sikuhitaji kwenda. Nilifungua dirisha. Mabanda ya Lowell yapo tupu, milango imeng'olewa, nyasi zimepanda hadi kwenye bati. Na kutoka humo, upande wa kizimba cha mwisho, ilikuja sauti. Ya kizee kidogo, yenye mkwaruzo wa Kijerumani kwenye herufi, sauti iliyozoea madirisha wazi. Ilikuwa ikimshukuru Mungu kwa utulivu. Ilikuwa ikimshukuru ndugu yetu Lowell Kessinger, kwa jina lake.

Tangu siku ile huja kila jioni. Haina hasira. Inarudia tu.

Lotte huisikia kabla yangu. Huinua masikio, hushuka kitandani, huenda mlangoni akalialia. Ni sauti iliyomwita tangu akiwa mchanga. Hunitazama mimi kwenye kiti changu, halafu hutazama mlango, halafu mimi tena, kwa yale macho ya asali. Hajui ni yupi kati yetu.

Jana, baada ya shukrani zile, sauti iliongeza neno moja. Iliita, "Lotte."

Nilimshika Lotte ukanda wa shingoni kwa mikono miwili mpaka giza lilipoingia. Lakini mimi ni mzee, nitalala tu siku moja. Ataondoka, atavuka barabara, na mimi nitasimama kizingitini nimefungua kinywa.

Nanyi mliokaa nami hadi mwisho, mkamsikiliza mtu asiye na sauti, Mungu awabariki. Awape masikio yanayosikia kinywa kilichonyamazishwa. Awajalie ulimi wa kuuliza kabla ya ulimi wa kushukuru. Awalinde watoto wenu mnapofumba macho, na awakumbuke kwa majina mama wa wote mnaowapenda, popote walipofungiwa. Amina.